Sheshe Hayumo Ukutani

Mhadhara kwa wanakijiji wa Namawala, Bonde la Kilombero

Nashukuru kwamba tumekaa chini ya mwembe badala ya kujifungia darasani, maana mengi ninayotaka kuyazungumza yanaonekana kutoka hapa tulipo.

Naomba mgeuke kidogo mtazame ukuta wa darasa lile. Pamechorwa twiga. Ni mchoro mzuri: shingo imenyooka, mabaka yamepangwa kwa uangalifu, na nyuma yake kuna mlima wenye theluji. Twiga ni mnyama wa taifa letu na kumchora ni heshima. Lakini nani kati yetu amewahi kumwona twiga Namawala? Twiga yuko Mikumi, yuko Ruaha, yuko upande wa kaskazini wa Rufiji. Bonde letu hili la maji na matete si makazi yake. Mlima wa theluji nao uko mbali, mwendo wa siku nzima kwa basi na zaidi, wakati milima ya Udzungwa imesimama pale, ya kijani, na mawingu yake tunayaona kila asubuhi.

Sasa niambieni, wazee wangu, sheshe amechorwa wapi?

Nimezunguka shule, zahanati, vibanda vya maduka na vinyozi kutoka Ifakara mpaka hapa. Nimeona simba, nimeona twiga, nimeona pundamilia. Sheshe sikumwona hata mmoja. Na sheshe ndiye mnyama wetu kuliko wote. Katika miaka ya 1990 bonde hili lilikadiriwa kuwa na sheshe zaidi ya 50,000, yaani karibu robo tatu ya sheshe wote waliokuwapo duniani. Waliobaki walikuwa Zambia kwa wingi, na wachache huku na kule, Rukwa, Malawi, Botswana. Mtu wa Ulaya aliyetaka kumwona sheshe kwa makundi makubwa kabisa alipaswa kupanda ndege, kisha gari, kisha mtumbwi, aje kwetu. Sisi tulikuwa tunampita tukienda kuvua kambale.

Nitamweleza kwa ajili ya watoto, kwa sababu najua wengi wenu mnalisikia jina tu. Sheshe ni swala mnene wa kimo cha wastani, manyoya yake yana rangi ya dhahabu iliyokolea, rangi ileile ya mpunga wiki moja kabla ya kuvunwa. Dume peke yake ndiye mwenye pembe. Si ndefu, ni nene, zina pete pete, zinakwenda nyuma kisha zinajikunja kurudi mbele. Akishtuka hapigi kelele kama nyani. Anapiga mluzi, tena na tena, mpaka kundi zima linyanyue vichwa. Huishi kwenye majani ya ukingoni mwa maji: maji yakipanda anarudi nyuma, yakishuka anayafuata. Maisha yake yote yamefungwa na mto, kama yetu.

Mnyama huyu tusiyemchora ndiye aliyenileta. Nataka kusema kwamba sanaa ya mahali popote huanza na macho ya watu wa hapo, na kwamba sisi wa bonde hili tumekuwa na macho makali sana ambayo sasa tunayaacha yafifie. Nitaeleza kwa mifano ninayoijua.

Mimi nilifundishwa kutazama juu ya dungu. Watoto wa sasa pia mnalijua dungu, ingawa wengi mmelala humo siku chache tu. Sisi tulihamia shamba miezi mingi, tangu mpunga unapotoka ardhini mpaka unapobebwa nyumbani. Nyumba ya kijijini ilifungwa. Baba alisimamisha nguzo, akaweka sakafu ya fito juu kuliko kimo cha mtu, akaezeka, na humo tukalala, tukapika, tukaugua, tukapona. Chini yalikuwa maji, na usiku chini ya maji hayo palipita viumbe tusivyoviona. Kiboko alipokuja kula mpunga tulimsikia kwanza kwa jinsi alivyong'oa majani, sauti nzito kama mtu anayechana shuka kuukuu, kisha tukapiga madebe.

Mchana kazi yetu watoto ilikuwa kuamia ndege. Tulifinyanga vidonge vya udongo, tukavianika, tukavirusha kwa kombeo. Kamba za makopo zilipita shamba zima, ukivuta huku, linalia kule. Lakini kwelea kwelea hawaji saa zote. Kuna saa za katikati ya mchana ambapo hakuna ndege, hakuna mtu, jua limesimama, na mkononi una udongo laini. Basi tulifinyanga wanyama. Siku moja nilimfinyanga kiboko nikampelekea bibi yangu, mama mzaa mama, aliyekuwa anachambua mboga. Alimgeuza huku na huku. Akaniuliza, “Mjukuu wangu, huyu umemwona au umesimuliwa?” Nikasema nimemwona. Akasema, “Kama umemwona, hii shingo umeitoa wapi?” Akaubonyeza udongo kwa kidole gumba, kichwa kikazama mabegani. Kisha akanionyesha kwamba macho, masikio na pua vinatakiwa kukaa kwenye mstari mmoja juu ya kichwa, kwa sababu mnyama yule anaweza kuzama mwili mzima huku vitu hivyo vitatu vikibaki nje ya maji. Bibi yangu hakujua kusoma. Baadaye nimesoma vitabu vya uchoraji na nimekaa na walimu wa sanaa, lakini sijapata somo la pili lililozidi lile.

Umemwona au umesimuliwa? Swali hilo ndilo ninalouliza ukuta ule.

Twende kwa mama zangu wasukaji. Mkeka wa ukindu unaanza msituni, kwenye mkindu mchanga ambao kuti lake bado halijafunguka. Linakatwa, linachanwa, linaanikwa mpaka liwe jeupe, sehemu yake inachemshwa na rangi, kisha unasukwa ukili, mrefu, wa kuzungusha kama kamba. Mkeka wenyewe unapatikana kwa kushona kili hizo ubavu kwa ubavu, na maua ya ukili mmoja yasipokutana sawasawa na ya mwenzake, mama anafumua. Nimewahi kukaa na shangazi yangu akifumua kazi ya siku mbili kwa sababu ya kosa ambalo mimi nilihitaji kuonyeshwa ndipo nilione.

Sasa nendeni kwenye matete ya mtoni mkamtazame mnana. Dume anang'ata ukingo wa jani, anaruka nalo, linachanika utepe mrefu mwembamba. Utepe wa kwanza anaufunga kwenye bua kwa fundo la kweli. Anasuka pete ya kusimamia, kutoka hapo anasuka chumba, mlango anauweka chini. Jike akija kukagua asiporidhika, kazi yote imepotea. Kati ya minana hao yumo mmoja wa manjano mwenye uso mweusi ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika bonde hili letu. Wataalamu walimgundua mwaka 1986 karibu na kivuko cha Ifakara, na mwaka 1990 Neil na Elizabeth Baker wakamwandika rasmi kama ndege mpya kwa sayansi. Kivukoni pale! Mahali ambapo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2018 maelfu walisimama wakisubiri pantoni, na baiskeli zao, kuku wao, magunia yao. Kila aliyesubiri alimsikia ndege yule. Wavuvi walimjua, watoto walikwisha kupanda kutafuta mayai yake. Kilichokosekana ni mmoja wetu kusema: huyu si yule mwingine, huyu ana uso tofauti, hebu tumchore.

Silaumu mtu. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu limetokea zaidi ya mara moja. Kule milimani Udzungwa, mwaka 1991, watafiti kutoka Denmark walikuwa wakila kambini, na ndani ya sufuria wakaona miguu ya ndege wasiyoifahamu. Wakawauliza wenyeji, wakaonyeshwa ndege alikotoka. Ni kwale, na jamaa zake wa karibu wako misitu ya Asia, si Afrika. Habari hiyo ilishangaza wataalamu wa ndege dunia nzima. Wenyeji waliomtega walikuwa wakimjua siku zote, kwa ladha yake, kwa njia anazopita, kwa saa anazotoka. Elimu ilikuwapo chunguni. Haikuandikwa wala haikuchorwa, basi ikawa kama haikuwapo.

Lakini Namawala yenyewe ina ushahidi kwamba macho yetu yakipewa nafasi yanafanya kazi kubwa, na ushahidi huo ni wa mbu.

Wazee mnakumbuka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuingia miaka ya 1990 kijiji hiki kilikuwa darasa la malaria. Watafiti walitoka Ifakara, katika maabara iliyoanzishwa na Waswisi miaka ya 1950 na ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, wakatundika mitego ya taa kando ya vitanda vyetu. Hesabu za wakati ule zilitisha: katika bonde hili mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka, karibu kila usiku. Jina la Namawala limechapwa katika majarida ya sayansi kwa sababu hiyo. Watoto wengi walizikwa nyuma ya hesabu zile, na sitaki mtu asikie nikiongea juu yake kama jambo jepesi.

Ninachotaka kukumbusha ni vijana wa vijijini humu waliokaa usiku kucha, suruali imekunjwa mpaka gotini, tochi mkononi, wakimsubiri mbu atue mguuni ili wamnyonye kwa mrija kabla hajauma. Walijifunza kumtambua kwa mwanga hafifu. Anofelesi akitua huinamisha kichwa na kuinua mkia, amekaa mshazari. Kuleksi hulala sambamba na ngozi. Dume, ambaye haumi, ana vipapasio vyenye manyoya mengi kama unyoya wa ndege. Kijana aliyeanza bila kujua kwamba kuna mbu wa aina aina, baada ya msimu mmoja aliweza kukuambia kwa mtupo mmoja wa jicho ni yupi. Hiyo ni kazi ya mchoraji: kutofautisha mshazari na sambamba. Ni jicho lilelile la bibi yangu na la shangazi yangu.

Nafika kwa jambo ambalo najua lina joto katika bonde hili, nalo ni ng'ombe. Wapo hapa ndugu zetu Wasukuma, wapo Wamang'ati, wapo Wamasai. Wengi walishuka bondeni na mifugo kuanzia miaka ya 1990, wakifuata majani. Tumegombana nao juu ya mashamba, juu ya maji, juu ya njia. Mwaka 2012 ilipita Operesheni Okoa Bonde la Kilombero, mifugo mingi ikatolewa, na kila upande una machozi yake. Sikuja kuamua kesi hiyo. Nawaomba tu wakulima wenzangu tukiri kwamba jamaa hawa walikuja na macho pia. Nimesimama na mzee mmoja wa Kisukuma jioni, ng'ombe wakirudi zizini katika vumbi, na aliwajua kwa rangi: mwenye madoa, mwenye mgongo mweupe, mwekundu wa moshi, mwenye kipaji, kila mmoja kwa jina la rangi yake, akijua pia mama yake ni yupi. Mimi nilimwuliza aliwezaje, akanijibu kwamba hata mimi nawajua wanangu bila kuwaandika namba. Mama wa Kimang'ati anavaa sketi ya ngozi ambayo mshono wake na shanga zake unaweza kuzitazama asubuhi nzima. Na bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, ikipigwa, vijana wakarusha majembe hewani na kuyadaka wakati ngoma inakwenda, unaona kazi ya shamba imekuwa mchezo. Sangula yetu na bugobogobo yao zimekwisha kuchezwa kwenye uwanja mmoja katika sherehe za humu bondeni, na uwanja haukupasuka.

Tena mtazameni yangeyange. Zamani ndege huyu mweupe aliandamana na nyati, akila wadudu wanaorushwa na kwato. Nyati wamerudi nyuma, na yangeyange amehamia kwa ng'ombe. Asubuhi mnamwona mgongoni mwa maksai wanaovuta plau, mchana yuko nyuma ya kundi majaruba yaliyokauka. Mchoraji akitaka kuieleza historia ya miaka 30 ya bonde hili kwa picha moja, ninampa hiyo: ndege yuleyule, mgongo mwingine.

Kuna kijana mmoja wa kusini aliyeifanya kazi ninayoizungumzia, na nataka wanafunzi mlijue jina lake. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru, upande wa pili wa mapori haya tunayopakana nayo. Alikwenda Dar es Salaam kutafuta kazi kama wanavyokwenda vijana wetu. Mwaka 1968 hivi akaanza kuchora, juu ya vipande vya silingibodi, kwa rangi zilezile za kupaka baiskeli. Ifakara ni mji wa baiskeli. Rangi hizo tunazo kila duka la vipuri. Akachora chui, fisi, tembo, ndege. Hakuwa na chuo. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, kazi yake ikiwa haijafikisha hata miaka mitano. Leo staili yenye jina lake inajulikana dunia nzima. Chui wake si wa kitabuni. Unamwona kwamba alisikika usiku na mtoto aliyejifunika blanketi.

Wengi wamemwiga tangu hapo, na humo ndimo twiga wetu wa ukutani alimotoka: picha imeigwa kutoka picha, nayo iliigwa kutoka picha nyingine, iliyokusudiwa mtalii aliyetoka Serengeti. Hakuna aliyekosea kwa nia mbaya. Fundi aliombwa achore mnyama, akachora anayejulikana kuuzika.

Kwa nini nahangaika na sheshe wakati kuna bei ya mbolea na barabara inayokatika kila masika? Kwa sababu sheshe anaondoka. Tangu hesabu zile za miaka ya 1990 wamepungua vibaya. Mashamba yamefika ukingoni mwa maji, mifugo imeingia kwenye majani yake, na bunduki na mitego ya waya vimefanya kazi iliyobaki. Eneo la bonde hili lililotengwa kuwa pori tengefu tangu mwaka 1952, na likatambuliwa mwaka 2002 katika Mkataba wa Ramsar kama ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa, karibu hekta 800,000, halikumlinda vya kutosha. Mwaka 2023 serikali ililipandisha hadhi kuwa Pori la Akiba. Maana yake, kuna mahali ambapo babu zetu walipita na nyavu begani na sisi hatutapita tena bila kibali. Naelewa sababu: zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka katika bonde hili, na maji hayo yakiharibika hatuharibikiwi peke yetu. Lakini lazima niseme pia hatari yake. Mtoto asiyeruhusiwa kuingia anakoishi mnyama, na ambaye nyumbani hakuna anayemsimulia, atakua akimhesabu sheshe kuwa mali ya askari wa wanyamapori na ya wageni. Hakuna anayesikitikia kupotea kwa mali ya mtu mwingine asiyemjua.

Na lugha inakwenda naye. Wazee wa Kindamba waliopo hapa wana majina ya sheshe dume, sheshe jike, ndama wake, na ya majani anayoyapenda. Nimewauliza vijana watano wa kidato cha nne majina hayo. Wawili walinijibu “swala” na watatu walinyamaza.

Ndugu zangu, sikuja na mradi wala fomu. Nimekuja na makopo sita ya rangi ya mafuta, ile ya baiskeli: manjano, nyekundu, nyeusi, nyeupe, bluu na kijani. Mwalimu mkuu ameniruhusu, na ukuta wa darasa lile upande wa magharibi umekwisha kupigwa chokaa jana. Twiga abaki alipo. Watoto wa darasa la tano na la sita watachora, mimi nitawachanganyia rangi tu.

Nina ombi moja. Katika watoto hao hakuna aliyemwona sheshe kwa macho yake. Wote wamesimuliwa, na wengine hata kusimuliwa bado. Kwa hiyo nawaomba wazee mliowahi kumwona, wavuvi, wawindaji wa zamani, mama zangu mliokuwa mkichota maji kule Kilombero alfajiri, msiondoke mara nikishuka hapa. Kaeni karibu na ukuta. Mtoto akikosea pembe, mwambieni zinakwenda nyuma kwanza ndipo zirudi mbele. Akimpa jike pembe, mkatazeni. Na kama yupo anayeukumbuka ule mluzi wake, apige, watoto wausikie kabla hawajachovya brashi.